Kabla Hujahamia Kaskazini: Hotuba kwa Ndugu Zetu wa Edmonton

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa ndugu wanaozungumza Kiswahili mjini Edmonton, Kanada. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti wa mkutano, wazee wetu, mama zetu, viongozi wetu wa dini, ndugu zangu mliotoka Bukavu na Uvira, Kigoma na Mombasa, Bujumbura na kwingineko, nanyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mmeniita kutoka Yellowknife, mji wa kaskazini mwa Kanada, ili nijibu swali ambalo limeenea katika jumuiya yetu tangu baadhi ya vijana walipoanza kupata ahadi za kazi kule kaskazini. Je, mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, au katika mwambao wa Bahari ya Hindi, anaweza kuishi na kulea watoto mahali ambapo wastani wa joto la Januari ni nyuzi 25 hivi chini ya sifuri? Mimi nimeishi huko miaka mingi, nimelea watoto wangu huko, na jibu langu ni kwamba anaweza. Lakini nikiliacha jibu hilo hapo nitakuwa nimewadanganya, kwa sababu wapo pia walioweza kufika na wasiweze kukaa, na wapo walioumia.

Kuna washauri wa aina mbili ambao nawaomba msiwafuate. Wa kwanza atakwambia kwamba baridi ile haikuumbiwa sisi na kwamba Mwafrika hawezi kudumu kule. Huyo hasemi kweli, kwani mji wetu una watu wapatao 20,000, na miongoni mwao wamo Wafilipino, Wasomali na watu wa mataifa mengi ya Afrika, wanaofanya kazi hospitalini, shuleni, madukani na serikalini. Mshauri wa pili atakwambia, "Usijali, utazoea." Huyu ndiye ninayemwogopa zaidi. Nani amezoea? Upepo ukivuma hadi mwili uhisi nyuzi 45 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 5 hadi 10, na baridi haimuulizi mtu ana miaka mingapi mjini. Baridi haizoeleki, ndugu zangu. Watu hujifunza kuishi nayo, na anayemwambia mgeni kwamba atazoea anamnyima elimu aliyoihitaji siku ile ile aliposhuka kwenye ndege.

Niruhusuni nianze na baridi yenyewe, kwa sababu wengi wenu mmeishi Edmonton na mnadhani mnaijua.

Katika eneo la Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, karibu na mpaka wa Alaska, palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege mahali panapoitwa Snag. Tarehe 3 Februari 1947 watumishi wa kituo cha hali ya hewa cha pale walitoka asubuhi kusoma kipimajoto, wakakuta kimiminika kimeshuka chini ya alama ya mwisho kabisa. Kipimajoto hakikuwa na namba ya baridi ile. Ikawabidi waweke alama yao wenyewe mahali kilipofikia, na baadaye chombo kilipopelekwa kupimwa ikathibitishwa kwamba ilikuwa takriban nyuzi 63 chini ya sifuri, kiwango ambacho hadi leo ndicho cha chini kabisa kuwahi kurekodiwa nchini Kanada. Watu waliokuwepo walisimulia kwamba pumzi zao ziliganda zikitoa sauti hewani, na kwamba waliwasikia mbwa wakibweka katika kijiji kilichokuwa umbali wa kilomita 6 hivi, kwa sababu hewa nzito ya baridi iliyolala juu ya ardhi, ikiwa imefunikwa na hewa yenye joto zaidi, huikunja sauti na kuirudisha chini badala ya kuiacha ipotee angani.

Kwa nini nawasimulia habari za Snag? Si kwa kuwatisha. Nawasimulia kwa sababu watu wale walitoka nje, wakafanya kazi yao, wakarudi ndani wazima. Walikuwa na nguo zilizofaa, walijua wakae nje kwa muda gani, na hawakumwacha mtu peke yake. Hayo matatu ndiyo yaliyowaokoa, na ndiyo yanayotuokoa sisi kila Januari.

Tuanze na nguo. Mgeni hununua koti moja kubwa la bei ghali, kisha ndani yake anavaa fulana ya pamba na suruali ya jinzi. Pamba ikinywa jasho haikauki, na jasho likipoa juu ya ngozi humwibia mtu joto lake haraka. Inayofaa kugusa mwili ni sufu, au kitambaa kinachopitisha jasho. Juu yake nguo ya kuhifadhi joto, na juu ya yote nguo ya kuzuia upepo. Buti zisibane, kwa sababu mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha. Kwa mikono, glavu zinazoviacha vidole vyote vikae pamoja hushinda zile zinazovitenganisha. Na mtoto, tafadhali mama zangu, mtoto asitoke na mashavu wazi kwa sababu tu amelia kwamba skafu inamwasha.

Kisha gari. Kule kwetu magari huchomekwa kwenye umeme, kwa kuwa injini ina hita yake ndogo, na bila hita hiyo mafuta ya injini huwa mazito kiasi kwamba gari haliwaki. Barabara inayotuunganisha na kusini ina sehemu ndefu zisizo na mtandao wa simu. Ukiharibikiwa hapo saa mbili usiku bila blanketi, mishumaa, chakula na nguo za akiba, umeweka maisha yako mikononi mwa dereva usiyemjua ambaye huenda akapita na huenda asipite. Ndiyo maana kule hatupiti gari lililosimama kando ya njia bila kuuliza. Hakuna anayetulipa kwa hilo, wala hakuna anayelisifu. Asiyesimama ndiye anayesemwa.

Na ndani ya nyumba? Wengi hudhani hatari inabaki mlangoni. Mashine ya kupasha nyumba joto ikizimika usiku wa nyuzi 40 chini ya sifuri, mabomba ya maji hupasuka kabla hujapata fundi. Bomba la moshi likizibwa na barafu au theluji, gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huweza kuiua familia ikiwa usingizini. Nawasihi sana, msilale hata usiku mmoja katika nyumba isiyo na king'ora cha gesi hiyo. Na mtu asiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba ili aote moto, hata kama kwao alikuwa akifanya hivyo. Nyumba zile zimefungwa kabisa ili joto lisitoke, na hewa chafu nayo haina pa kutokea.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko baridi, nalo ni giza.

Mwezi wa Desemba, kule Yellowknife, jua huchomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama karibu saa tisa alasiri. Mtoto huenda shule gizani, naye mzazi hurudi kutoka kazini gizani. Juni mambo hugeuka, tukapata mwanga wa jua kwa saa 20 hivi, na watoto wanakataa kulala. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, ambako jua hutoka saa kumi na mbili na kutua saa kumi na mbili mwaka mzima, tumefika tukiwa na miili ambayo haijawahi kuulizwa swali hili.

Daktari mmoja wa magonjwa ya akili, Norman Rosenthal, aliyezaliwa Johannesburg, alihamia Marekani katika miaka ya 1970 na kuona kwamba kila majira ya baridi nguvu zake zilipungua, kisha zikarudi mwanga uliporudi. Hakulifanya siri, akalichunguza, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakachapisha maelezo ya hali ya huzuni inayoletwa na majira ya mwanga mfupi. Leo madaktari duniani kote wanaitambua, na mojawapo ya tiba zake ni kukaa asubuhi kwa muda wa nusu saa mbele ya taa yenye mwanga mkali wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga). Naomba mlitafakari hili. Mwafrika mwenzetu alihisi mzigo huo katika mwili wake, akautafutia jina na dawa. Kwa nini basi kijana wetu anayekosa usingizi, asiyetaka kula, asiyepokea simu ya mama yake, aambiwe kwamba ni mvivu, au kwamba imani yake imepungua?

Liko pia suala la vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua. Ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi ili ipate kiasi kile kile, na katika miezi ya baridi jua la kaskazini halina nguvu hiyo hata likiwaka. Mtoto akikosa vitamini hiyo mifupa yake hulegea, na matege tunayajua. Muulizeni daktari kipimo kinachofaa, na msingoje dalili.

Lakini dawa kubwa ya giza niliyoiona kwa macho yangu ni watu kukutana. Mji wa Inuvik uko kaskazini zaidi kuliko kwetu, kupita mzingo wa Aktiki, na mwanzoni mwa Desemba jua huzama lisionekane tena kwa takriban mwezi mzima. Waislamu wa mji ule, wapatao mia hivi, walikuwa wakiswali mahali padogo mno. Kujenga kule ni ghali kupita kiasi, kwa hiyo mwaka 2010 msikiti ulijengwa Winnipeg, ukapakiwa juu ya lori, ukasafirishwa maelfu ya kilomita kwa barabara, kisha ukateremshwa kwa tishari katika Mto Mackenzie hadi Inuvik. Safari nzima ilikuwa kilomita 4,000 hivi, na njiani ulinusurika kuanguka ukivushwa kwenye kijito. Mwezi wa Novemba ukafunguliwa. Wakatoliki wa mji huo huo wanalo kanisa jeupe la mviringo, mfano wa nyumba ya theluji. Mimi sisemi hapa habari za dini ipi. Nasema kwamba watu wachache, katika mahali pagumu kama pale, waliona kuwa nyumba ya kukutania ni haja ya lazima sawa na mafuta ya kupashia nyumba joto. Je, wao walikosea? Mimi naamini walielewa kitu ambacho waajiri hawakiandiki kwenye mikataba.

Nawaambia haya hasa kwa ajili ya vijana wa kiume wanaokwenda peke yao. Kazi za migodi ya almasi, kule nyikani, mara nyingi huwa za zamu: wiki mbili mgodini, wiki mbili mapumziko. Mshahara ni mzuri, sikatai. Lakini wiki mbili za mapumziko katika chumba cha kupanga, mwezi wa Desemba, bila ndugu wala jirani wa kubisha hodi, zimewavunja watu wenye nguvu. Na migodi yenyewe ina mwisho. Diavik, mmojawapo wa migodi mikubwa, ulipangiwa tangu mapema kumaliza uzalishaji mwaka 2026. Anayekwenda kwa ajili ya mshahara peke yake, siku mshahara ukikatika hana kingine kinachomweka pale.

Ndugu zangu, jambo la tatu ni ardhi, nayo ina mambo yake.

Mjini Yakutsk, Siberia, mfanyabiashara aliyeitwa Fyodor Shergin alianza kuchimba kisima mwaka 1828. Alitaka maji tu. Akachimba mwaka wa kwanza, ardhi imeganda. Akaendelea mwaka wa pili na wa tatu, ardhi imeganda. Alipoacha, mwaka 1837, alikuwa amefika zaidi ya mita 116 kwenda chini, na bado hakuwa ameipita barafu. Maji hakuyapata, lakini wanasayansi walikuja kushuka katika shimo lile kupima joto la ardhi, na hapo elimu ya ardhi iliyoganda daima ikapata mojawapo ya vipimo vyake vya kwanza vya uhakika. Leo Yakutsk ni mji wa watu zaidi ya 300,000, na majengo yake husimama juu ya nguzo zilizozamishwa ardhini, ili joto la nyumba lisiyeyushe ardhi inayoibeba.

Kwetu ardhi iliyoganda iko kwa vipande, haijashikana kama ile ya Yakutsk, na nyumba nyingi zimekaa juu ya mwamba. Lakini ipo mitaa ambayo maji huletwa nyumbani na lori na maji machafu huchukuliwa na lori jingine, kwa kuwa bomba haliwezi kufukiwa mahali pale. Kwa hiyo unapotafuta nyumba, uliza maji yanafikaje, uliza mafuta ya joto yanalipwa na nani, uliza sakafu imepinda au haikupinda. Ardhi inayoyeyuka huinamisha nyumba polepole, na sehemu zile za dunia zinapata joto kwa kasi kubwa kuliko sehemu nyingi nyingine.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Wanadhani adui wa kaskazini ni theluji peke yake, kumbe kiangazi chake kina moto. Yellowknife hupata mvua na theluji ambazo kwa mwaka mzima hazifiki milimita 300, misitu inakauka, na radi moja inatosha. Mwezi Agosti 2023 moto ulikiteketeza sehemu kubwa ya kijiji cha Enterprise, na tarehe 16 mwezi huo ikatolewa amri kwamba mji wote wa Yellowknife uhame kabla ya adhuhuri ya tarehe 18. Watu wapatao 20,000, na barabara ya kutokea ni moja! Wengine waliondoka kwa magari wakipita katikati ya moshi, wengine walipanga foleni ndefu kungoja ndege, na wengi walifikia hapa hapa Alberta, na baadhi yenu mliokaa katika ukumbi huu mliwapokea. Mji haukuungua, na mwanzoni mwa Septemba tukarudi. Shukrani yetu kwenu haijaisha. Katika siku zile niliona wazi nani aliyekuwa na jirani na nani hakuwa naye, kwa maana mwenye gari lenye nafasi alimkumbuka kwanza yule aliyejua jina lake.

Nimalizie na wenyeji, ambao nimewaacha mwisho lakini ndio waliostahili kutangulia. Nchi ile ni ya Wadene, watu wa asili wa kule. Wamekaa humo tangu enzi na enzi, wakiwafuata wanyama waitwao caribou, yaani wale kulungu wa kaskazini, wakivua samaki chini ya barafu ya Ziwa Great Slave, na kuyajua majira kwa kuyaishi. Kila majira ya baridi barabara huwekwa juu ya barafu ya ziwa, kilomita 6 hivi, kutoka mjini hadi kijiji chao cha Dettah, na magari hupita juu ya maji. Wazee wao wanajua barafu ipi ni ngumu, ipi ina mkondo unaoila kutoka chini, na mgeni mwenye busara huuliza kabla ya kukanyaga.

Wao nao waliwahi kuwa na wageni wasiouliza. Mgodi wa dhahabu wa Giant ulianza kazi mwaka 1948, na moshi wa kuchoma mawe yake ulibeba sumu ya aseniki ukaishusha juu ya theluji. Wadene waliokaa karibu, katika mahali panapoitwa Ndilo, waliyeyusha theluji kupata maji ya kunywa kama walivyofanya siku zote, na mwaka 1951 mtoto wao mdogo akafa kwa sumu hiyo. Mgodi ulifungwa mwaka 2004, lakini tani 237,000 za vumbi la aseniki bado zimehifadhiwa chini ya ardhi, nazo serikali inazigandisha pale pale kwa mitambo ili zisivuje. Sisi tuliotoka Kongo, ndugu zangu, hatuhitaji kufafanuliwa maana ya madini kuchukuliwa na sumu kuachiwa wenyeji. Kwa hiyo tunapofika kule kutafuta riziki, tufike kama watu wanaojua historia hiyo, tuwaamkie wazee wao kama tunavyowaamkia wazee wetu, na tusijifanye kwamba nchi ile ilikuwa tupu ikitungoja sisi.

Mwenyekiti, ninalo ombi moja la kutenda. Mezani kwa katibu iko karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni ya wote wanaofikiria kuhamia kaskazini kabla ya Oktoba. Waandike majina yao na mji wanaoelekea, ili sisi tuliotangulia tuwapigie simu kabla hawajatia sahihi mikataba, tuwaulize juu ya nyumba, joto, maji, na mtu watakayefikia kwake. Safu ya pili ni ya wale wenye makoti, buti na nguo za sufu za watoto ambazo hazivaliwi tena. Leteni Jumapili ijayo, zikiwa zimefuliwa, na mwandike ukubwa wake kwa kalamu kwenye karatasi, kwa sababu buti inayobana haimsaidii mtu. Walio na jamaa ambaye tayari yuko kule na ambaye hajasikika kwa muda, wasiandike popote. Waje kwangu sasa hivi, tumpigie simu pamoja kabla sijaondoka.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.